John Snow: Tabibu Aliyeuliza Maji Yatoka Wapi

Msomaji mpenzi, leo nimekusudia kukusimulia maisha ya tabibu mmoja wa Kiingereza, marehemu John Snow, aliyefariki mjini London mwaka 1858. Hii leo hapana mwanafunzi wa elimu ya maradhi ya kuenea asiyelijua jina lake. Lakini alipokuwa hai, neno kubwa alilolisema halikupata masikio ya kulisikiliza.

Kisa chake kimenivutia kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba maradhi aliyoyashughulikia ni kipindupindu, ambacho wazee wetu wa pwani wakikiita waba, na ambacho kimepita katika miji yetu mara kadhaa na kuacha misiba. Ya pili ni kwamba kisa hiki chatufunza namna ya kuipima elimu. Siku hizi mwanachuoni hupimwa kwa kuhesabiwa ni mara ngapi wenzake wamemtaja katika maandishi yao. Lau Snow angalipimwa kwa mizani hiyo siku aliyozikwa, angalionekana kuwa bingwa wa nusukaputi, basi. Kipindupindu kisingalitajwa.

KUKUA KWAKE

Snow alizaliwa York, kaskazini ya Uingereza, tarehe 15 Machi 1813, akiwa wa kwanza katika watoto 9. Baba yake alikuwa kibarua katika yadi ya makaa ya mawe, na mtaa wao ulikuwa wa watu wa chini, kando ya mto, ukiingiliwa na maji ya mafuriko. Alipotimia miaka 14 alipelekwa Newcastle kuwa mwanagenzi wa daktari mpasuaji aitwaye William Hardcastle.

Ilikuwa huko Newcastle alipokutana na adui yake. Mwaka 1831 kipindupindu kiliingia Uingereza kwa mara ya kwanza, kikitokea Bara Hindi na kupitia Urusi. Kijana Snow, mwenye miaka 18 tu, alitumwa kwenye machimbo ya makaa ya Killingworth kuwauguza wachimbaji. Dawa hakuwa nayo, wala mwalimu wake hakuwa nayo. Lakini macho alikuwa nayo. Aliona kuwa watu wale walishinda chini ya ardhi kutwa nzima, hawana vyoo, wala maji ya kunawa, na chakula chao wakakila humo humo gizani kwa mikono michafu. Jambo hilo aliliweka moyoni, na miaka mingi baadaye akaja akaliandika.

Tangu ujana wake Snow hakula nyama kwa muda mrefu, hakunywa ulevi, na maji ya kunywa akipenda yawe yamesafishwa kwa kugeuzwa mvuke. Mwaka 1836 alikwenda London kwa miguu, akizunguka kwa njia ya Liverpool na Wales, akaanza masomo ya utabibu. Akafaulu mitihani ya upasuaji mwaka 1838, na mwaka 1844 akapata shahada ya juu ya udaktari ya Chuo Kikuu cha London. Alipanga katika mtaa wa Soho, mtaa wenye msongamano wa mafundi, wachuuzi na maskini. Hakuoa, wala hakuwa msemaji hodari. Sauti yake ilikuwa nzito yenye mkwaruzo, na mikutanoni hakupendeza kumsikiliza.

UMAARUFU WA NUSUKAPUTI

Mwishoni mwa mwaka 1846 ilifika London habari kutoka Marekani kwamba mgonjwa akivuta mvuke wa etha hulala, naye hupasuliwa bila ya kuhisi maumivu. Matabibu wengi waliikimbilia dawa ile kama mchezo mpya, wakaitia katika kitambaa bila ya kipimo. Snow alijifungia akapima. Alitaka kujua mvuke huwa na nguvu kiasi gani katika kila daraja ya joto, na mwili wa mtu unahitaji kiasi gani cha kumlaza bila ya kumuua. Alitengeneza chombo chake mwenyewe cha kuvutia mvuke huo, na mwaka 1847 akatoa kitabu juu ya etha. Ilipotokea klorofomu, akaifanyia kazi ile ile.

Kwa elimu hiyo akawa mtu wa kutafutwa na wapasuaji wakubwa wa London. Mwaka 1853 aliitwa kumpa klorofomu Malkia Victoria alipokuwa akijifungua mwanawe Leopold, na mwaka 1857 akaitwa tena alipozaliwa Beatrice. Basi tayari alikuwa na jina, na riziki yake ilikuwa imekaa vyema. Angaliweza kutulia. Lakini kila kipindupindu kilipotia mguu Uingereza, aliacha raha yake akarudi kule kule machimboni alikoanzia.

NENO LISILOPENDEZA

Ili uifahamu shida yake, msomaji, inafaa ujue waganga wa zama zile waliamini nini. Waliamini kuwa kipindupindu huletwa na hewa mbovu. Palipo na uvundo wa taka, ndipo palipo na maradhi. Mtu huivuta sumu kwa pua, ikaingia damuni. Wakubwa wa serikali, wahariri wa majarida na matabibu wenye vyeo, karibu wote walikuwa katika imani hiyo.

Snow aliuliza swali dogo. Kama sumu inaingia kwa pua, mbona ugonjwa huanza tumboni? Mgonjwa hutapika na kuhara kwanza, ndipo damu yake inapokauka maji na mwili kupoa. Akaona kuwa kitu hicho humezwa, huzaana ndani ya matumbo, hutoka na uchafu wa mgonjwa, kisha humfikia mwingine kwa mikono isiyonawiwa na kwa maji yaliyoingiliwa na choo. Mwaka 1849, katika mwaka ambao kipindupindu kilikuwa kikiua watu wa London kwa maelfu, alitoa kijitabu cha kurasa 31 kuyaeleza hayo. Waliokisoma walisema ni dhana ya kupendeza, lakini ushahidi uko wapi?

Hawakukosea kuuliza. Snow naye hakukasirika, alikwenda kuutafuta.

KISIMA CHA BROAD STREET

Usiku wa tarehe 31 Agosti 1854 kipindupindu kiliripuka Soho, hatua chache kutoka alikokuwa akikaa Snow. Katika muda wa siku 10 watu zaidi ya 500 walikufa katika vichochoro vile. Nyumba zilifungwa, na wenye uwezo wa kukimbia walikimbia.

Snow yeye aliingia. Alichukua orodha ya waliokufa kutoka ofisi ya kuandikisha vifo, akaenda nyumba baada ya nyumba akiuliza jambo moja: marehemu alikuwa akinywa maji ya wapi? Karibu wote walikuwa wakiteka katika bomba la mkono lililokuwa juu ya kisima cha Broad Street. Lakini lililomthibitikia zaidi ni habari za wale ambao, kwa fikira za hewa mbovu, wangalistahili kufa wasife, na wale waliostahili kunusurika wakafa.

Karibu na kisima kile palikuwa na nyumba ya kulelea maskini yenye watu 535. Watano tu ndio waliokufa kwa kipindupindu, na nyumba ile ilikuwa na kisima chake. Palikuwa na kiwanda cha pombe chenye wafanyakazi zaidi ya 70. Hakufa hata mmoja, kwani maji ya bomba lile hawakuyagusa. Kwa upande wa pili, palikuwa na bibi mmoja mjane aliyehamia Hampstead, mbali na Soho, mahali pa hewa safi pasipo ugonjwa. Bibi huyo alikuwa ameyapenda maji ya Broad Street kwa ladha yake, na kila siku akiletewa chupa. Aliyanywa, akafa. Mpwa wake aliyekuja kumzuru akanywa naye, akarudi kwao Islington, akafa vile vile. Hewa ya Soho haikuwafuata mabibi wale. Yaliyowafikia ni maji.

Siku ya Alhamisi tarehe 7 Septemba, Snow alikwenda mbele ya baraza la mtaa akaeleza hesabu zake. Wajumbe hawakuamini, lakini walikuwa wamekata tamaa. Kesho yake wakaung'oa mpini wa bomba.

Hapa ndipo masimulizi ya watu yanapopamba. Husemwa kuwa mpini ulipotoka, ugonjwa ukakatika pale pale. Snow mwenyewe hakudai hivyo. Aliandika wazi kuwa maradhi yalikuwa yamekwisha kupungua kabla ya siku ile, kwa kuwa watu wengi walikuwa wameuhama mtaa, na kwamba hawezi kukata shauri kama kisima kilikuwa bado kina sumu au la. Mimi naona uaminifu huo wapita ule ushujaa wa mpini.

KAMPUNI MBILI ZA MAJI

Ushahidi wake wenye nguvu zaidi ulikuwa ng'ambo ya kusini ya mto Thames. Huko kampuni mbili zilikuwa zikiuza maji katika mitaa ile ile, mabomba yao yakipita njia moja, nyumba hii ya kampuni hii na jirani yake ya kampuni ile. Kampuni ya Southwark na Vauxhall ilivuta maji yake mtoni ndani ya jiji, pale panapomwagwa makaro ya London. Kampuni ya Lambeth ilikuwa imehamisha mahali pake pa kuvutia maji mwaka 1852, ikaenda juu mtoni kabla ya mto kufika jijini. Watu wapatao 300,000, matajiri kwa maskini, walikuwa wamegawanyika baina ya maji hayo mawili bila ya wao wenyewe kuchagua, wala kujua.

Snow alikwenda kwenye nyumba zilizofiwa. Mara nyingi wenyeji hawakujua maji yao ni ya kampuni gani. Basi aliyachukua maji kidogo, akatia dawa yenye madini ya fedha, akapima chumvi yake. Maji ya jijini yalikuwa na chumvi nyingi zaidi mara nyingi kupita yale ya juu ya mto. Katika wiki 7 za mwanzo, nyumba 40,046 za Southwark na Vauxhall zilikuwa na vifo 1,263. Nyumba 26,107 za Lambeth zilikuwa na vifo 98. Kwa kila nyumba 10,000, kule ni vifo 315, na huku ni 37. Mtaa mmoja, hewa moja, uvundo mmoja. Kilichotofautiana ni maji.

KITABU KISICHONUNULIWA

Mwaka 1855 aliyakusanya yote hayo, pamoja na ramani ya vifo vya Soho, akakitoa upya kijitabu chake kikiwa sasa ni kitabu kamili. Rafiki yake tabibu Benjamin Richardson ameeleza kuwa Snow alitumia zaidi ya pauni 200 za mfukoni mwake katika kazi ile, na malipo aliyoyapata hayakufika shilingi idadi hiyo. Kitabu hakikununuliwa. Kamati ya wanazuoni iliyoundwa na halmashauri ya afya ya serikali ilikitazama kisa cha Broad Street, ikasema haioni sababu ya kuikubali rai ya Snow. Na mwaka ule ule, aliposimama mbele ya kamati ya Bunge akasema kuwa uvundo wa viwanda vya kuchemshia mifupa hauleti kipindupindu, jarida la matabibu la The Lancet lilimshambulia kwa maneno makali.

Tarehe 10 Juni 1858, akiwa anakiandika kitabu chake juu ya klorofomu, alipatwa na kiharusi. Alifariki tarehe 16, na umri wake miaka 45. The Lancet ilitoa tanzia ya maneno machache, ikasifu kazi yake ya nusukaputi. Juu ya maji na kipindupindu, haikutia hata herufi.

WALIOMFUFUA

Neno la haki hulala, halifi. Neno la Snow liliamshwa kwanza na mtu aliyekuwa akilipinga. Naye ni Henry Whitehead, kasisi msaidizi wa mtaa ule ule wa Soho, aliyewajua wafiwa kwa majina yao. Aliposikia habari ya kisima aliikataa, akaanza kuuliza nyumba kwa nyumba ili aibatilishe. Kila alivyozidi kuuliza ndivyo ushahidi ulivyozidi kumgeukia. Hatimaye yeye ndiye aliyegundua mwanzo wa msiba: mtoto mchanga wa nyumba namba 40 Broad Street, aliyeugua kabla ya wengine, na ambaye mama yake alizisuuza nepi zake na maji akayamwaga katika shimo la uchafu. Shimo hilo lilipochimbuliwa, lilionekana limepasuka, na baina yake na kisima ni hatua moja tu. Whitehead alikiri, na mpaka uzee wake aliitundika picha ya Snow chumbani mwake mwa kusomea.

Wa pili ni William Farr, bwana mkubwa wa takwimu za vifo, ambaye kwa miaka mingi aliamini hewa. Mwaka 1866 kipindupindu kilirudi London kikaua zaidi ya watu 5,000, wengi wao katika mitaa ya mashariki. Farr alizitazama hesabu zake, akaona kuwa mitaa hiyo yote ilikuwa ikinywa maji ya kampuni moja. Akatamka waziwazi kuwa ni maji, akamtaja Snow kwa heshima. Lakini Snow alikuwa na miaka 8 kaburini, na wale 5,000 hawakurudi.

Kisha mwaka 1884 Robert Koch wa Ujerumani, baada ya uchunguzi wake Misri na Calcutta, aliwaonyesha watu kidudu chenyewe kwa hadubini. Tabibu wa Kitaliana, Filippo Pacini, alikuwa amekiona tangu 1854, mwaka ule ule wa Broad Street, naye pia hakusikilizwa. Snow hakukiona maishani mwake. Alikijua kwa nyayo zake.

WABA ULIPOPITA KWETU

Maradhi hayo hayakuwa ya London peke yake. Mwaka 1858, alipokufa Snow, waba ulikuwa njiani kuja pwani ya Afrika ya Mashariki, na mwaka 1859 ulikuwa umekwisha enea Unguja na Kilwa. Mwaka 1865 uliwashika mahujaji Makka, wakafa kwa maelfu, na mwaka uliofuata mataifa yakakutana Istanbul kushauriana. Mwaka 1869 ukatufikia tena, safari hii kwa njia ya bara pamoja na misafara mpaka Pangani, kisha Unguja.

Wakati huo Unguja alikuwako daktari wa Sultani, Mskochi James Christie. Aliuliza kama alivyouliza Snow: umetoka wapi, umepita wapi, umeletwa na nani? Alikusanya habari za mapito ya waba tangu 1821 hadi 1872, akaufuata kwa majahazi na misafara, na mwaka 1876 akazitoa katika kitabu kilichopigwa chapa London. Atakaye kujua msiba uliowapata mababu zetu hana budi kukirejea kitabu hicho.

MIZANI YA ELIMU

Mwaka 1936 Wade Hampton Frost, mwalimu mkubwa wa elimu ya maradhi ya kuenea katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alikipigisha chapa upya kitabu cha Snow. Tangu hapo hakikulala tena. Kila darasa la elimu hiyo duniani huanzia Broad Street. Mwaka 1992 mfano wa bomba lile, lisilo na mpini, ulisimamishwa Soho. Mwaka 2003 matabibu wa Uingereza walipopiga kura juu ya tabibu mkubwa kupita wote, walimchagua yeye. Na mwaka 2013, miaka 155 baada ya tanzia yake, The Lancet ilisahihisha upungufu wake. Hata klabu ya pombe jirani na kisima kile imepewa jina lake, yeye asiyependa ulevi.

Basi tumpime kwa lipi? Tukihesabu waliomtaja alipokuwa hai, ni kidogo. Tukihesabu wanaomtaja leo, hawana idadi, na wengi wao humtaja kwa kisa cha mpini ambacho yeye mwenyewe hakujisifu nacho. Kutajwa huja na kwenda kama maji ya bamvua. Lakini vifo 315 kwa 37 vilikuwa kweli mwaka 1855 wakati kitabu kilipokuwa kimelala dukani, na ni kweli leo. Makosa ya wanazuoni wa zama zile ni kwamba walitazama nani amesema, na wangapi wamemuunga mkono. Whitehead alikwenda akauliza.

Nasi tusidhani kisa hiki kimepita. Kipindupindu kiliingia Kenya mwaka 1971, kikaripuka tena wakati wa mvua za El Nino za 1997, na mwishoni mwa 2022 kikazuka upya. Katika miji yetu bado viko visima vilivyochimbwa hatua chache kutoka mashimo ya vyoo, na mifereji inapokauka hununua maji ya mitungi kutoka kwa wachukuzi wa mikokoteni. Mtungi huonekana safi, na maji huonekana safi. Maji ya Broad Street nayo yalikuwa yakisifiwa kwa uzuri wake, hata bibi wa Hampstead akayaagizia chupa.

Atakapobisha mlangoni mwako mchukuzi wa maji, msomaji wangu, kabla ya kuuliza bei, muulize ameyateka wapi.